Siku Kumi na Nne Vanuatu, Nikifuata Michoro ya Mchangani

Simulizi hii nimeiandika nyumbani Mombasa, zaidi ya mwezi mmoja baada ya kurudi, kwa kufuata daftari mbili, picha za simu na stakabadhi nilizozihifadhi katika bahasha. Nilikwenda Vanuatu Agosti 2019 nikiwa mwanafunzi wa anthropolojia ambaye pia hupiga filamu, na sababu iliyonipeleka ni ya nyumbani. Mwaka 2011 mgeni mmoja alikaa kwetu siku tatu akimrekodi nyanya yangu nyimbo za vugo, yaani nyimbo za harusi za wanawake wa pwani. Nyanya alifariki miaka miwili baadaye, na hadi leo ukoo hauna nakala hata ya wimbo mmoja. Nilikuwa nimesoma kwamba Vanuatu ni nchi ya visiwa katika Pasifiki ambako wanavijiji wenyewe ndio wanaoshika kinasa sauti na kamera, na ambako mgeni hapewi ruhusa ya kurekodi mpaka akubali kuacha nakala. Nikataka kuuona utaratibu huo ukifanya kazi, hasa katika kurekodi michoro ambayo watu wa huko huichora mchangani kwa kidole.

Jumamosi, 3 Agosti 2019: Port Vila

Safari ya kutoka Nairobi kupitia Dubai na Brisbane hadi Port Vila, mji mkuu wa Vanuatu, sina la kuieleza, ila kwamba ilinichukua siku mbili na nililala sakafuni.

Kwa atakayefuata njia hii: viza ya kupita Australia haitozwi ada, lakini yangu ilichukua wiki tatu kutoka, basi iombe mapema. Jambo la pili ni pesa. Vatu moja, wakati huo, ilikuwa karibu sawa na shilingi moja ya Kenya, jambo lililonirahisishia hesabu safari nzima. Basi dogo la mjini, ambalo hutambulika kwa herufi B kwenye namba ya gari, lilikuwa vatu 150 popote uendapo ndani ya mji. Unamwambia dereva unakokwenda, naye anapanga njia kwa kadiri ya abiria alionao, kwa hiyo unaweza kuzungushwa nusu ya mji kabla ya kufika. Mimi sikulalamika, kwa kuwa dereva wangu alitumia mzunguko huo kunifundisha maneno yangu ya kwanza ya Kibislama, lugha inayowaunganisha watu wapatao laki tatu wenye lugha za asili zaidi ya mia moja katika visiwa zaidi ya 80. Aliponishusha alikataa nauli, akasema nimlipe siku nitakapoweza kumsimulia hadithi kwa Kibislama.

Jumapili sehemu kubwa ya mji hufunga na watu huenda kanisani. Nunua chakula Jumamosi.

Jumatatu, 5 Agosti: chumba chenye kufuli

Kituo cha Utamaduni, ambacho wenyeji hukiita Vanuatu Kaljoral Senta, kiko mkabala na Bunge. Nilifika asubuhi na barua yangu ya kibali, ambayo niliianza kuiomba Machi. Katika ukumbi wa makumbusho kuna ngoma ndefu za magogo kutoka kisiwa cha Ambrym, na kuna sanamu za wafu kutoka kusini ya kisiwa cha Malakula, ambazo vichwa vyake ni mafuvu halisi yaliyofinyangiwa uso upya. Nilisimama mbele ya moja kwa muda mrefu, kisha nikaona haya, kwa sababu nilikuwa ninamkodolea macho babu wa mtu.

Lakini nilichokijia kiko nyuma ya ukumbi, katika hifadhi ya picha, filamu na sauti. Historia yake inafaa kuelezwa kwa urefu kidogo. Nchi hii ilitawaliwa kwa pamoja na Uingereza na Ufaransa tangu 1906 hadi ilipopata uhuru tarehe 30 Julai 1980. Mwaka 1976, kabla ya uhuru, ulianzishwa mradi wa kurekodi masimulizi ya wazee, na mwaka uliofuata mwanaanthropolojia Kirk Huffman akawa mkuu wa kituo, kazi aliyoifanya hadi 1989. Badala ya kuita wataalamu zaidi kutoka ng'ambo, yeye na wenzake walianza kuwafunza watu wa vijijini kurekodi mambo ya kwao. Kuanzia 1981 watu hao, wanaoitwa filwoka, wamekuwa wakikutana Port Vila kwenye warsha ya kila mwaka, ambayo kwa miaka mingi iliongozwa na mtaalamu wa isimu Darrell Tryon. Wanawake walipata mtandao wao 1994, chini ya uratibu wa Jean Tarisesei. Filwoka halipwi mshahara. Ni mkulima, mvuvi au mwalimu ambaye kijiji kimemkubali aishike kazi hii. Upande wa filamu, mtu aliyekishughulikia kitengo kwa miaka mingi alikuwa Jacob Kapere, mwana wa kisiwa cha Tanna, ambaye hakuwa na haja ya mkalimani wala ya mtu wa kumweleza kipi ni mwiko kupigwa picha.

Kati ya 1985 na 1994 serikali ilipiga marufuku utafiti wote wa utamaduni uliofanywa na wageni. Nimesikia watafiti wakiusimulia uamuzi huo kana kwamba ulikuwa hasara. Mimi naona ni miongoni mwa mambo ya busara kubwa yaliyofanywa na nchi changa yoyote, maana marufuku ilipoondolewa, masharti yalikuwa tayari: mtafiti awe na mwenzake wa pale kijijini, aache nakala ya kila alichorekodi, na afanye jambo moja ambalo jamii yenyewe imelitaka.

Mama anayetunza hifadhi alinionyesha mlango wa chumba kinachoitwa tabu rum. Neno ni la Pasifiki, nasi Waswahili tuna letu la sauti ileile lenye maana ya mashaka. La kwao ni mwiko. Humo mna kanda ambazo familia zimeziweka kwa masharti: hii isikilizwe na wanawake tu, ile na watu wa ukoo fulani, nyingine asiiguse mtu mpaka mtoto fulani atimize umri. Nilimwuliza kama yeye mwenyewe amezisikiliza. Alinijibu kwa upole kwamba kazi yake ni kutunza baridi na ukavu wa chumba.

Kwa wenye kamera: ada ya kupiga filamu hulipwa kituoni kabla ya kuondoka mjini, na kijijini utalipa tena kwa wenye haki ya ngoma au mchoro. Usijaribu kupunguza bei. Haki hizo zenyewe hununuliwa, na katika visiwa vya kaskazini na kati mtu hulipa nguruwe ili apate ruhusa ya kuchonga au kucheza jambo fulani.

Jumatano, 7 Agosti: Norsup

Ndege ya asubuhi ya kwenda Norsup, kisiwani Malakula, iliondoka saa tisa alasiri. Ni ndege ndogo ambayo kila abiria hupimwa uzito pamoja na mzigo wake, na kwa kuwa stendi yangu ya kamera ilizidisha kilo, niliiacha kwa mwenye nyumba ya wageni. Katika kungoja, bibi mmoja aliyekuwa akirudi Malakula alifungua jani la mgomba akanigawia laplap: muhogo uliokunwa, ukamiminiwa tui la nazi na kuokwa chini ya mawe ya moto. Mtu wa pwani yetu angeutambua mkono uliopika chakula kile kwa harufu ya tui pekee.

Tulitua kando ya minazi isiyo na mwisho. Lori la kwenda Lakatoro lilinitoza vatu 200.

Alhamisi, 8 Agosti: Lakatoro na Atchin

Malakula ni kisiwa cha pili kwa ukubwa katika nchi, na kina lugha zaidi ya 30. Lakatoro kuna tawi la kituo cha utamaduni, na filwoka mwanamke aliyenipokea alikuwa amepanga siku yangu nzima. Tulivuka kwenda kisiwa kidogo cha Atchin kwa ngalawa. Sina jina jingine la kukiita chombo kile, kwa sababu ndicho hichohicho chetu, ila matengo yake yako upande mmoja. Huko Atchin ndiko alikokaa mwanaanthropolojia Mwingereza John Layard mwaka 1914 na 1915. Picha alizopiga zilihifadhiwa Cambridge kwa miongo mingi, na sasa nakala zake zimerudishwa kwa wenyewe. Filwoka alinieleza jinsi watu walivyozipokea, wakitaja majina ya mababu kwa kutazama namna mtu alivyosimama tu.

Jioni, juu ya mkeka, aliniuliza natoka sehemu gani ya Afrika. Nilipotaja Kenya akauliza kama napajua Marsabit. Nilishangaa. Kumbe alikuwa akiifuatilia historia ya Martin na Osa Johnson, mume na mke wa Kimarekani waliofika Malakula na kamera mwaka 1917, wakakutana na Nagapate, mkuu wa watu wa Big Nambas wa kaskazini-magharibi. Walirudi 1919 wakiwa na projekta, wakawaonyesha watu hao sura zao wenyewe kwenye kitambaa. Baadaye, katika miaka ya 1920, walihamia Kenya, wakajenga kambi kando ya ziwa la juu mlimani Marsabit, wakapiga filamu za wanyama zilizowapa sifa duniani. Sisi tunawakumbuka kwa tembo na simba. Malakula wanawakumbuka kama watu waliowatangaza wao kote ulimwenguni kuwa wala watu, kwa kuwa neno hilo ndilo lililouza tiketi. Yule mama hakusema kwa hasira. Alisema filamu ile ina sura za watu ambao wajukuu wao wako hai, kwa hiyo inafaa itazamwe, lakini maneno yaliyoandikwa chini yake yafutwe.

Ijumaa, 9 Agosti: kwenda South West Bay

Ndege ya kwenda South West Bay, ghuba iliyo kusini-magharibi ya kisiwa, ilifutwa. Tulikodi lori la kukata kisiwa pale kinapokuwa chembamba, vatu 8,000 tukachangia watu watano, barabara ya matope yenye mito miwili ya kuvukwa ndani ya maji. Upande wa magharibi tulingoja boti kwa saa sita. Mwenye nyumba iliyokuwa karibu, ambaye hatukuwa tumemwambia hata jina, alituchemshia viazi vikuu na akakataa malipo.

Boti iligharimu vatu 15,000, karibu zote zikiwa za mafuta. Katika visiwa hivi petroli ndiyo bei ya kila kitu. Agosti upepo huvuma kutoka kusini-mashariki kama kusi yetu, na ingawa milima ilitukinga sehemu kubwa ya njia, tulipozunguka rasi maji yaliingia hadi magotini. Funga kamera katika mifuko miwili ya plastiki, wala usiamini mfuko mmoja.

Jumamosi, 10 Agosti hadi Jumanne, 13 Agosti: kidole na mchanga

Ghuba hii ndiyo iliyonileta. Hapa alifika Bernard Deacon mwaka 1926, kijana mwanaanthropolojia wa Cambridge, akayajaza madaftari yake mambo ya watu wa Seniang, wenyeji wa ghuba hii, na jirani zao, pamoja na michoro ya mchangani zaidi ya 90. Machi 1927, akiwa anajiandaa kuondoka kwenda kufundisha Sydney, alifariki kwa homa ya mkojo mweusi, matatizo ya malaria, akiwa na umri wa miaka 24, akazikwa hukohuko. Mwanaanthropolojia mwenzake Camilla Wedgwood ndiye aliyeyapanga madaftari hayo hadi yakachapishwa 1934. Nilimeza dawa zangu za malaria kila usiku nikimfikiria.

Filwoka wa huku ni mwanamume wa makamo mwenye shamba la kakao. Kamera yake ndogo ya kituo anaichaji kwa paneli ya sola iliyo juu ya jiko. Alinipeleka kwa mzee mmoja ambaye kila mtu humwita Apu, yaani babu, nami nikamwita hivyo.

Apu alisawazisha mchanga mweusi kwa kiganja, mara tatu, mpaka ukawa laini kama unga uliochekechwa. Akapiga mistari ya kulala na ya kusimama, ikawa kama wavu. Kisha akakiweka kidole cha shahada kwenye kona ya chini na kuanza kwenda. Kidole hakikunyanyuka. Kilizunguka makutano ya wavu, kikarudi, kikapita pembeni mwa njia yake ya awali bila kuikanyaga, kikakata katikati, na mchanga uliosukumwa ukawa unasimama ukutaukuta kila upande wa mfereji. Alikuwa akizungumza muda wote kwa lugha yake, sauti ikienda sambamba na kidole. Baada ya kama dakika mbili kidole kilifika pale kilipoanzia, na juu ya mchanga alikuwako kasa, gamba, miguu na kichwa. Kamera yangu ilikuwa imevutiwa na uso wake, mikunjo ile, na macho ambayo hayakuangalia mchoro hata kidogo.

"Unapiga uso wangu," aliniambia kupitia filwoka. "Uso wangu hauna kitu cha kujifunza. Tazama kidole."

Nilishusha kamera. Hapo akachora mchoro mwingine, nilipouona umekamilika akaifuta nusu yake kwa kiganja, akanionyesha niumalizie. Deacon aliandika habari hii, na Apu aliisimulia kama mtu anayeeleza njia ya kwenda kisimani: roho ya mtu aliyekufa, ikielekea nchi ya wafu, humkuta njiani mzimu wa kike aitwaye Temes Savsap, ameketi na mchoro mbele yake. Akiiona roho inakuja hufuta nusu. Aliyejifunza alipokuwa hai hukamilisha na kupita katikati ya mchoro, kwa kuwa mchoro wenyewe ndio njia. Asiyejua huliwa.

Niliweka kidole changu mchangani. Niliweza mikunjo minne, wa tano ukanitupa nje ya wavu. Mjukuu wake, mvulana wa miaka kama tisa aliyekuwa amekaa na miguu yake imejaa matope, alisogea, akafuta makosa yangu kwa unyayo, akaumaliza bila kusema neno.

Siku ya tatu Apu alisema kuna mchoro mmoja anaotaka urekodiwe, kwa kuwa watu wanaoujua wamebaki wawili, na mwenzake ni mgonjwa. Nilianza kufungua mkoba. Filwoka akanishika bega, akaniambia huu si wangu. Basi nilikwenda ufukweni na watoto, tukakaa huko karibu saa nzima tukitupa mawe majini, huku nyuma ya nyumba filwoka akipiga picha kwa kamera yake ndogo. Sikuona uchungu wowote. Niliwaza tu jinsi ambavyo siku ile ya 2011, nyumbani kwetu, hapakuwa na mtu wa kumshika mgeni bega.

Jioni nilikaribishwa nakamali, nyumba ya wanaume, tukanywa kava katika kifuu cha nazi. Ni maji ya mizizi iliyopondwa, yenye ladha ya udongo, na hufisha ganzi ulimi. Mgeni akikaribishwa anywe kifuu chote kwa mkupuo mmoja, kisha akae kimya, kwa sababu nakamali si mahali pa kelele.

Kwa atakayefika South West Bay: nilipokwenda mimi hapakuwa na benki, kwa hiyo chukua noti ndogondogo. Lala kwa familia utakayopangiwa na filwoka, ambayo mimi niliilipa vatu 2,000 kwa usiku pamoja na milo yote, na lete mchele na sukari kuliko zawadi za mapambo.

Jumatano, 14 Agosti: bahasha

Ndege ilikuja, na ilikuja kwa saa yake. Kando ya uwanja wa nyasi filwoka alinikabidhi bahasha ya kaki iliyofungwa kwa utomvu wa mti, ndani yake kadi ya memori, na akaniomba niifikishe hifadhini kwa sababu warsha yao ni ya mwisho wa mwaka. Tulikuwa tumejuana siku tano. Niliivaa shingoni chini ya shati mpaka Port Vila.

Alhamisi, 15 Agosti: Port Vila tena

Mama wa hifadhi alizipokea filamu zangu kwanza. Aliziangalia moja baada ya nyingine, akaandika jina la Apu, jina la kijiji, jina la mwenye haki ya kila mchoro, na mwisho kabisa, kwa herufi ndogo, jina langu. Alinipa stakabadhi. Kisha akaigeuza ile bahasha na kusoma kilichoandikwa nyuma yake: ukoo mmoja, wanaume, na baada ya mzee kufariki, mjukuu. Hakuifungua. Aliingia nayo tabu rum, nikasikia kufuli.

Kesho yake, Ijumaa tarehe 16, nilipanda ndege ya Brisbane. Dereva wa basi aliyenisamehe nauli sikumwona tena, kwa hiyo vatu zake 150 nilimwachia mwenye nyumba ya wageni, ambaye anamfahamu.

Nyongeza, Septemba

Nilipofika nyumbani nilihariri filamu ya dakika 22, nikaituma Lakatoro katika diski ndogo, na yule filwoka mwanamke aliyenipeleka Atchin akamkabidhi mtu wa boti aifikishe kusini. Jibu lilinifikia wiki iliyopita kwa ujumbe wa simu. Walitazama wote, kwa kompyuta ya mwalimu. Apu amefurahi, lakini anasema mchoro wa kasa haufai kitu, kwa kuwa nimeanza kuonyesha mkono wake baada ya kidole kuondoka kwenye kona, na mtoto atakayetazama hatajua mstari unaanzia wapi. Yule mjukuu ameuchora upya na filwoka ameupiga kwa kamera yake, kutoka juu, dakika mbili na sekunde kumi, uso hauonekani kabisa. Wameniomba niitoe sehemu yangu niiweke hiyo, nami nimekwisha kuandika hifadhini Port Vila wafanye vivyo hivyo kwenye nakala yao.